Maji, chumvi na sukari: dawa ya kuhara isiyozuia kuhara

Mimi ni mtu wa mashamba. Nilisoma agronomia, kazi yangu ya mwisho ilikuwa juu ya udongo, si juu ya tumbo za watu. Kwa hiyo kama muuguzi, au infirmière kama tunavyosema hapa Kisangani, anasoma maneno haya na anaona nimeteleza, anisahihishe bila haya. Lakini kuna dawa moja ambayo nimeibeba kichwani tangu 2011, na historia yake ni ndefu kuliko nilivyofikiri, na sehemu fulani ya historia hiyo inapita kwetu.

Mwaka 2011 nilikuwa na miaka 13, tulikuwa tunakaa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Mwezi wa Machi kolera ikalipuka Kisangani. (Wenzetu wa Tanzania wanaiita kipindupindu. Sisi tunasema kolera tu.) Watu wa Goma, Uvira na Kalemie wameizoea, kule maziwani inarudi karibu kila mwaka. Sisi hatukuizoea. Ikatoka hapa, ikashuka mto pamoja na mitumbwi na baleinière, ikafika Mbandaka, ikafika Bolobo, na mwezi wa Juni ilikuwa imefika Kinshasa. Ukitaka kujua jinsi nchi hii inavyounganika, sahau ramani ya barabara, fuata kolera ya 2011.

Jirani yetu alikuwa na watoto wawili wagonjwa siku moja: kijana wa miaka sita na dada yake wa miaka miwili. Kituo kidogo cha afya karibu na mto kilikuwa kimejaa, watu wamelala kwenye mikeka. Mimi na vijana wengine tulikuwa tunabeba maji kutoka chemchemi, tunayachemsha, na infirmière mmoja, mama wa makamo, alitufundisha kuchanganya ile unga ya sashe. Alikuwa na bidoni moja aliyoichora alama kwa msumari. Akasema: “Yaya, maji inafika hapa, si chini, si juu. Ukikosea utaniulia watoto.” Aliniita yaya ijapokuwa nilikuwa mdogo kabisa, ndiyo desturi yake, kumpa mtoto heshima ili asifanye mchezo.

Watoto wote wawili walipewa kikombe na kijiko. Wote wawili walikunywa. Na wote wawili waliendelea kuhara.

Usiku baba akachoka. Nilimsikia akimwambia infirmière: “Mama, toka asubuhi munamupatia hii maji ya chumvi, na kuhara haiishe. Hii si dawa. Munipe serum.” Serum mnajua: ile chupa inayoning'inia na mpira unaoingia kwenye mshipa. Zilikuwa chache, na mama huyo alikuwa anazihifadhia wale ambao hawawezi tena kunywa, wale ambao macho yamegeuka. Akajibu: “Papa, mutoto anakunywa. Akikunywa ataishi. Kuhara itaisha yenyewe, sisi tunajaza tu.” Baba hakukubali. Akamchukua kijana mgongoni, akashuka pwani kutafuta mtumbwi wa kuvuka hadi Makiso, kwenye hospitali kubwa, kwenye serum. Usiku hakuna mtu wa kuvusha. Wakakaa pale wakingoja alfajiri, na hakubeba kikombe. Kijana alikufa kabla jua halijatoka. Msichana, aliyebaki na mama yake na kijiko, alipona.

Sikuandika haya ili kumhukumu yule baba. Kwa miaka mingi nilimwona kuwa mjinga, lakini nilipoanza kusoma nikagundua kwamba kosa lake ni la zamani sana, na waliolifanya kabla yake walikuwa ba-docteur wakubwa.

Kwanza, kolera yenyewe ilikuja huku kwa njia gani? Mnajua kwamba Kiswahili chetu kilifika Kisangani na misafara iliyotoka Zanzibar ikipitia Ujiji na Maniema, na kwamba mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa gavana wa Stanley Falls, yaani hapa hapa kwetu. Lugha haikusafiri peke yake. Daktari mmoja Mskoti aliyefanya kazi Zanzibar, James Christie, alitoa kitabu mwaka 1876 juu ya kolera ya Afrika Mashariki. Alifuatilia mlipuko wa 1869 na 1870 kwa kuwauliza wafanyabiashara na wapagazi: ugonjwa ulipita wapi, mwezi gani. Njia ya kolera ilikuwa njia ileile ya pembe za ndovu na ya watumwa, hadi Ujiji na ng'ambo ya Tanganyika kuelekea Maniema. Ugonjwa ulitembea kwa mwendo wa mtu anayetembea. Wakati ule hakuna aliyekuwa na dawa kwenye msafara, mgonjwa aliachwa njiani.

Lakini Ulaya, zaidi ya miaka 30 kabla ya mlipuko ule wa Zanzibar, jibu lilikuwa limeshasemwa. Hapa ndipo historia inanishangaza. Kolera ilifika Uingereza mwishoni mwa 1831. Kijana mmoja Mwairishi, William O'Shaughnessy, mwenye miaka 22 tu, alichukua damu ya wagonjwa akaipima. Aliona kwamba damu imepoteza maji na chumvi, na kwamba vitu hivyo vimo katika kinyesi. Yaani mgonjwa wa kolera hauawi na sumu inayochoma, anakauka tu, kama mche wa kakao uliosahauliwa juani. Mwaka uliofuata, 1832, daktari Thomas Latta wa Leith huko Scotland akafanya lililofuata kwa mantiki: akaingiza maji ya chumvi moja kwa moja kwenye mshipa wa mama mmoja mzee aliyekuwa karibu kukata roho. Ilikuwa karibu litre tatu na nusu kwa nusu saa. Yule mama akafufuka mbele ya macho yao, rangi ikarudi, sauti ikarudi.

Latta akaona kazi imekwisha. Alikuwa amechoka, akamwacha mgonjwa mikononi mwa mwenzake, akaenda. Kuhara kukarudi. Hakuna aliyeendelea kumjazia maji. Baada ya saa tano na nusu yule mama akafa.

Nilisoma habari hiyo nikakumbuka pwani ya Lubunga. Kanuni ilikuwa sahihi, maji yalikuwa sahihi, ila mkono uliacha. Latta mwenyewe alikufa mwaka uliofuata, na wenzake wengi wakasema njia yake haifai, kwa sababu wagonjwa waliotiwa maji walionekana kupona kisha wakafa. Dunia ikarudia kuwatoa damu wagonjwa wa kolera na kuwapa dawa za kuharisha zaidi! Njia ya mshipa ilirudi kwa nguvu zaidi ya miaka 70 baadaye, Calcutta, mikononi mwa Leonard Rogers, na vifo vikapungua karibu nusu.

Sasa, serum ya mshipa inaponya, sikatai. Lakini mtu mzima mwenye kolera kali anaweza kupoteza hadi litre moja kwa saa moja. Piga hesabu: ni chupa ngapi kwa mtu mmoja, kwa siku mbili? Kisha zidisha kwa kijiji. Kisha weka kijiji hicho Opala au Isangi, wakati wa mvua. Kwa hiyo swali lilikuwa: je, mtu anaweza kunywa maji hayo badala ya kuchomwa?

Wengi walijaribu na kushindwa. Ukimpa mgonjwa wa kolera maji matupu, yanapita tu. Ukimpa maji ya chumvi, yanapita pia. Robert Phillips, daktari wa jeshi la majini la Marekani, alifanya majaribio Manila mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa maji yenye chumvi na sukari. Dalili ya kwanza ilikuwa nzuri: sukari ilisaidia. Lakini katika jaribio lililofuata mchanganyiko ulikuwa mkali mno, na wagonjwa kadhaa wakafa. Phillips aliumia sana, na kwa muda mrefu aliogopa kuirudia njia ya kunywa.

Hapa mtu wa mashamba anaweza kueleza vizuri kuliko munganga. Nani kati yetu hajaunguza mimea kwa mbolea? Unaweka NPK nyingi karibu na shina, unafikiri unasaidia, kesho majani yamekauka pembeni na udongo una unyevu. Mbolea ni chumvi. Ikizidi nje ya mzizi, maji hayaingii kwenye mzizi, yanatoka. Utumbo nao ni hivyo: ukiweka ndani yake maji mazito ya chumvi na sukari, unavuta maji kutoka mwilini kuja tumboni, na mgonjwa anahara zaidi. Wagonjwa wa Manila walichomwa na mbolea, tuseme hivyo.

Kilichokosekana ni kujua mlango unafunguka namna gani. Mwezi wa Agosti 1960, kwenye mkutano huko Prague, mwanabiokemia Robert Crane alieleza kwamba kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango ambao sukari ya glukosi na sodiamu huingia kwa pamoja. Moja haipiti vizuri bila nyingine. Zikiingia, maji yanafuata. Sumu ya kolera inafungua robine ya kutoa chumvi na maji nje, haiifungi tena, lakini mlango ule wa sukari na sodiamu hauuharibu. Ukipitishia hapo maji kwa kipimo sawa, unajaza kwa mbele huku kunavuja kwa nyuma. Nadhani ndiyo maana infirmière wa Lubunga alisema “sisi tunajaza tu”. Fiziolojia yote ya Crane ilikuwa ndani ya maneno matatu.

Mwaka 1968, Dacca, mji ambao leo ni makao makuu ya Bangladesh, Wamarekani wawili wenye miaka 20 na kitu, David Nalin na Richard Cash, walijaribu kwa wagonjwa 29. Werevu wao haukuwa katika mchanganyiko peke yake. Walipima kila kilichotoka, ndoo kwa ndoo, na wakampa mgonjwa kiasi kilekile cha kunywa. Kinatoka kiasi fulani, kinaingia kiasi hicho. Mahitaji ya serum ya mshipa yakashuka kwa asilimia 80. Umri wao ulikuwa kama wetu, bandugu, na wakuu wao hawakuwaamini sana mwanzoni.

Halafu ikaja vita. Mwaka 1971 mamilioni ya watu walikimbia kutoka Pakistani ya Mashariki kuingia India, na kolera ikawafuata. Katika mji wa mpakani wa Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis alikuta hospitali yenye vyumba viwili na vitanda 16, wagonjwa wamejaa sakafuni, na serum inaisha. Hakuwa na njia nyingine. Akaagiza unga upimwe Calcutta: gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya kupikia, gramu 2.5 za bikaboneti kwa kila litre ya maji. Ukafungwa kwenye mifuko, ukachanganywa kwenye mapipa yenye robine. Na nani aliwanywesha wagonjwa? Si madaktari, hawakutosha. Ni mama, ni dada, ni baba, ni yeyote aliyekuja na mgonjwa, na kikombe mkononi. Vifo katika kambi vilikuwa kama asilimia 30. Kwa wagonjwa wake zaidi ya 3,000 vilishuka chini ya asilimia 4. Wakubwa wa tiba walikuwa wameamini kwamba kazi hiyo haiwezi kuachiwa watu wasiosoma. Mahalanabis aliishi hadi Oktoba 2022, na sidhani hata mtu mmoja kati ya kumi wetu alisikia jina lake siku ile.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. OMS na UNICEF wakaweka kanuni moja ya sashe miaka ya 1970, bikaboneti ikaachia nafasi sitrati mwaka 1984 kwa sababu unga wa zamani ulikuwa unaharibika kwenye joto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakapunguza ukali wake: sashe ya leo ina gramu 20.5 kwa litre, sodiamu milimoli 75 badala ya 90 na glukosi 75 badala ya 111. Watoto wanatapika kidogo zaidi na wanahitaji serum kwa nadra zaidi. Ni somo lilelile la mbolea.

Basi mngefikiri kwamba mwaka 1994 kila kitu kilikuwa kinajulikana. Twende Goma. Katikati ya Julai 1994, kwa siku chache tu, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka. Maji yalikuwa ya ziwa Kivu, ardhi ni mawe ya volkano, hata choo huwezi kuchimba. Karibu watu 50,000 walikufa mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Vijidudu vilikuwa havisikii tena tetrasiklini wala doksisiklini, kwa hiyo vidonge vilivyotegemewa havikusaidia. Lakini sashe zilikuwepo. Serum zilikuwepo. Mashirika yalikuwa mengi.

Timu ya madaktari ilitoka Bangladesh kuja kusaidia. Fikirini hapo kidogo: watu kutoka nchi iliyojifunza dawa hii ndani ya umaskini wake walikuja kuifundisha kwetu, mbele ya mashirika ya nchi tajiri. Mwaka uliofuata waliandika kwa nini vituo vya matibabu vilishindwa kuzuia vifo. Hawakusema dawa haikuwepo. Walisema wagonjwa walijazwa maji polepole mno, kinywaji hakikutumika vya kutosha, aina fulani za serum hazikufaa, na wahudumu wengi hawakuwahi kutibu kolera. Mwaka 1832 Latta aliacha mapema. Mwaka 1994 walianza polepole. Sashe haijui kujimwaga yenyewe mdomoni mwa mtu.

Ndiyo maana naandika kwamba dawa hii ni ya ba-infirmière kuliko ya ba-docteur. Farmakolojia yake haiko kwenye unga tu, iko kwenye saa na kwenye mdomo. Mtoto mwenye dalili za kukauka (macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, anakunywa kwa pupa) anahitaji mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake, ndani ya saa nne. Mtoto wa kilo 10 basi ni mililita 750, karibu vikombe vitatu na kitu, kijiko kwa kijiko. Akitapika, unangoja dakika 10 kisha unaanza tena taratibu. Baadaye, kila akihara, mtoto wa chini ya miaka miwili anapewa mililita 50 hadi 100, mkubwa wake 100 hadi 200. Anaendelea kunyonya, anaendelea kula. Asiyeweza kunywa tena, aliyelegea kabisa, huyo ndiye wa serum, na haraka. Maji yaliyochanganywa yakimaliza saa 24 yanamwagwa.

Na kile kinachopotea mara nyingi ni sentensi moja ambayo lazima isemwe kabla ya kikombe cha kwanza: dawa hii haizuii kuhara. Kuhara kwa kolera kutaendelea siku kadhaa. Kazi ya kikombe ni mgonjwa awe hai siku kuhara kutakapokwisha. Infirmière wetu aliisema, lakini aliisema usiku, mtu alipokuwa amekwisha kukata tamaa. Kosa si lake. Alikuwa peke yake na watu labda 40.

Kitu kingine, kipimo. Sashe inataka litre moja kamili. Nyumbani kwetu kipimo cha kawaida ni chupa ya bia, na chupa ya bia, hata ile kubwa, haifiki litre. Ukitia sashe nzima humo, umefanya Manila ndogo jikoni kwako. Chupa ya maji ya litre na nusu nayo ni kubwa mno, ukijaza umepunguza nguvu. Kama sashe hakuna: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Si kijiko kimoja, nusu. Na maji ya mchele yenye chumvi kidogo, ambayo bibi zetu wa Tshopo waliwapa wagonjwa, yana akili yake: wanga unavunjika polepole kuwa glukosi, mlango wa Crane unafunguka bila kumchoma mtu. Sisi wa eneo la mpunga tusione haya nayo, mradi chumvi isizidi.

Niseme kidogo juu ya vidonge, kwa sababu najua tukihara tunakimbilia wapi: farmasi ya kona, Flagyl, au Imodium. Imodium, yaani loperamidi, ilitengenezwa Ubelgiji kwenye maabara ya Janssen mwaka 1969. Inapunguza mwendo wa utumbo. Mtu mzima mwenye kuhara kwa kawaida safarini inaweza kumfaa. Kwa mtoto mdogo ni hatari: mwaka 1990 madaktari wa Pakistani waliripoti watoto waliopooza utumbo baada ya kupewa matone yake, sita wakafa, na kampuni ikayaondoa sokoni. Na kwenye kolera haina maana, maji yanabaki yamefungiwa tumboni, hayajarudi kwenye damu. Unaona choo kimekoma, unafurahi, na mtoto anaendelea kukauka ndani. Hiki ndicho kidonge ambacho yule baba angekiita dawa ya kweli, kwa sababu kinafanya kile ambacho macho yanataka kuona. Flagyl haina la kufanya na kolera. Doksisiklini, kwa vijidudu vinavyoisikia bado, inafupisha ugonjwa kwa wagonjwa wakali, ni msaidizi tu.

Zinki sasa, hapa niko nyumbani. Mwaka 2004 OMS na UNICEF walisema kila mtoto mwenye kuhara apewe zinki siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, 10 kama hajafika miezi sita. Wengi wanamaliza siku tatu, kuhara kukiisha wanaacha. Nami nilipokuwa mwanafunzi niliona mahindi yenye milia myeupe karibu na mshipa wa kati wa jani, mwalimu akatuambia: zinki. Udongo wetu mwekundu, uliooshwa na mvua, mara nyingi una zinki kidogo, na mihogo tunayokula ina kidogo pia. Kwa binadamu jambo hili lilijulikana kwa kuchelewa: ni miaka ya 1960, huko Iran na Misri, ambapo daktari Ananda Prasad alionyesha vijana waliodumaa kwa kukosa zinki. Mwaka 1995 jaribio la New Delhi likaonyesha kwamba watoto wenye kuhara wanaopewa zinki wanapona mapema. Na zile siku 10 si bure, miezi miwili mitatu inayofuata mtoto anapata kuhara na pneumonia kwa nadra zaidi. Mimi naona kidonge hicho kama mbolea ya kukuzia: huiweki kwa ajili ya jani la leo.

Mwaka 2025 kolera ilirudi Tshopo. Mama wa wale watoto bado anakaa Lubunga, na binti yake sasa ni msichana mrefu, yuko shule ya sekondari. Nilipita kumsalimia. Kwenye ukuta wa jikoni ameninginiza bidoni ya njano ya mafuta, kavu, na mfuniko wake umefungwa kwa kamba. Nikadhani ni ya mafuta. Akaigeuza, akanionyesha mkwaruzo mmoja wa msumari pembeni. “Hiyo ni litre,” akasema. Majirani wanakuja kuiazima. Anawapa, lakini kwanza anawakalisha chini na kuwaambia kwamba kuhara hakutaisha leo.